"Unaongea na nani? Huyo anajua nini?" Dhana potofu kuhusu kumsemesha mtoto

Swali hilo nililisikia kwenye benchi la kliniki, Ujiji. Mama aliyeulizwa alikuwa akimweleza mwanawe wa miezi minne kwamba wakishapimwa uzito watapitia sokoni kununua dagaa. Aliona haya, akanyamaza. Iliniuma, kwa sababu alichokuwa anafanya kilikuwa sahihi kabisa, na aliyemkatiza wala hakuwa na nia mbaya. Dhana nyingi za malezi tunapewa na watu wanaotupenda: mama mkwe, shangazi, jirani.

Dhana: Mtoto mchanga haelewi, kumsemesha ni kupoteza muda

Mtoto huanza kusikia angali tumboni. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto wa siku chache chuchu bandia zilizounganishwa na mashine ya sauti. Mtoto akinyonya kwa mwendo fulani anasikia sauti ya mama yake. Akibadilisha mwendo anasikia mama wa mwenzake. Wengi wao walinyonya kwa ule mwendo uliowaletea mama yao. Hawajamaliza hata wiki duniani, na tayari wanachagua sauti!

Asije mtu akasema hayo ni ya Wazungu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulifanyika vijijini Senegal, kwa Wawolofu, ambako mila ilikuwa haipendelei watu kuongea na watoto wachanga. Wazazi walifundishwa kwa lugha yao wenyewe. Baada ya mwaka mmoja walikuwa wakiwasemesha watoto zaidi, na watoto wao wakawa na maneno mengi kuliko wale wa vijiji ambavyo havikupata mafunzo.

Wingi wa maneno peke yake hautoshi, maana mtoto anahitaji pia zamu yake. Mwaka 2018 mtafiti Rachel Romeo na wenzake walichunguza watoto 36 wa miaka 4 hadi 6 na kuona kwamba kupokezana mazungumzo kulihusiana na kazi ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha, zaidi kuliko idadi ya maneno aliyoyasikia mtoto. Kwa hiyo mama anayeanika dagaa pale Kibirizi, mtoto yuko mgongoni, hahitaji muda wa ziada wala midoli. Mtoto akisema "ga", amjibu: "Eee, umewaona dagaa?" Kisha anyamaze kidogo, amwachie nafasi. Mtoto atarudisha sauti, au atacheka, au atarusha mguu. Hayo nayo ni majibu.

Dhana: Ukimsemesha Kiha, Kiswahili kitamchelewa na shule itamshinda

Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Nawajua wazazi wa Kasulu waliohamia mjini wakaacha kabisa Kiha mbele ya watoto, na bibi akija kutembea anakaa na wajukuu kama mgeni.

Lugha mbili hazimfanyi mtoto achelewe kusema. Kinachowachanganya watu ni hesabu. Mtoto wa lugha mbili anaweza kuwa na maneno machache ya Kiswahili kuliko mwenzake wa lugha moja, lakini ukijumlisha na ya Kiha, wanakuwa sawasawa. Watafiti waliofuatilia watoto wa Kihispania na Kiingereza kule Miami walikuta hivyo hivyo. Akichanganya lugha mbili kwenye sentensi moja, hajapotea. Anachukua neno lililo karibu, kama watu wazima wa hapa Kigoma wanavyofanya kila siku. Msemeshe kwa lugha unayoijua vizuri, ile unayoweza kubembelezea, kuonya na kusimulia hadithi.

Dhana: Amechelewa kusema kwa sababu ana udata, akatwe

Udata, yaani ulimi uliobanwa na kiutando cha chini yake, unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na kwa baadhi ya watoto huathiri matamshi ya herufi fulani. Lakini haumzuii kujifunza lugha. Mtoto asiye na neno hata moja akiwa na mwaka na nusu, au asiyeunganisha maneno mawili akifikisha miaka miwili, apelekwe hospitali apimwe masikio kwanza. Hasa kama sikio limekuwa likitoa usaha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 60 ya upotevu wa kusikia kwa watoto unatokana na mambo yanayoweza kuzuilika. Wembe wa mtu wa mtaani hautibu sikio.

Dhana: Katuni zitamfundisha

Katuni haimsubiri mtoto ajibu. Mtafiti Patricia Kuhl na wenzake waliwasikilizisha watoto wa Marekani wa miezi tisa Kichina mara 12. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliotazama video ya mtu yuleyule hawakujifunza.

Dhana: Asiyejibu haraka darasani hajui

Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu wanasubiri baada ya kuuliza swali: kama sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yakawa marefu na watoto waliokuwa kimya wakaanza kunyoosha mikono.

Dhana: Kijana aliyekata tamaa usimuulize kuhusu kujiua, utampa wazo

Kuuliza hakumpi wazo. Mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu amekuwa akiubeba peke yake. Muulize faragha, kwa maneno ya wazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Usimkemee, usikimbilie kumhubiria. Akichukua muda kujibu, kaa naye. Akikubali kwamba anafikiria, usimwache peke yake. Ondoa dawa na sumu za shambani ndani ya nyumba, na mwende pamoja hospitali siku hiyo hiyo.