Msamba kabla ya mazoezi haukukingi

Jioni ukipita ufukwe wa Shangani, Mtwara, huenda ukawakuta vijana wa karate wamekaa msamba kabla hata hawajarusha teke la kwanza. Imani ni ya siku nyingi: misuli ikivutwa hivyo, haichaniki. Lakini tafiti zinaonyesha kuvuta msuli ukiwa umetulia hakupunguzi majeraha kwa kiasi cha maana, na ukiushikilia zaidi ya sekunde 60 unapungua nguvu kwa muda.

Kinachokinga zaidi ni nguvu, hasa ya nyama za nyuma ya paja, maana ndizo zinazoupunguza kasi mguu uliorushwa. Piga magoti, mwenzio akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole, mwili umenyooka kuanzia gotini hadi begani. Ukishindwa kujizuia, jidake kwa mikono. Kwa wanasoka, zoezi hili limepunguza majeraha ya nyama hizo kwa karibu nusu. Anza na mara 5, seti 2 tu. Kesho yake utachechemea, hasamehewi mtu.

Kupasha mwili, kimbia taratibu, kisha rusha mateke ya chini ukiyapandisha kidogo kidogo. Msamba uweke mwishoni mwa mazoezi. Kwa mateke ya juu bado unauhitaji.