Hiace ya "local" ni ipi hasa? Kutofautisha mtumba wa Japani na van iliyounganishwa Kenya

Neno "local" kwenye tangazo la van nchini Kenya lina maana tatu, na muuzaji huchagua ile inayompandishia bei. Kuna van iliyounganishwa hapa nchini: vipande vyake vilifika vikiwa vimetenganishwa, vikaunganishwa na kufungwa katika kiwanda kama AVA cha Miritini, Mombasa, au KVM cha Thika. Kuna iliyoletwa nzima kutoka ng'ambo ikiwa mpya, ikauzwa na wakala rasmi. Halafu kuna mtumba wa Japani ambao umekwisha kupata namba za Kenya na kutumika hapa miaka kadhaa. Huu wa tatu ndio unaowaponza wanunuzi wengi. Gari halibadiliki kuwa local kwa kuwa limekaa Nakuru miaka minne. Injini, gia, nyaya na namba zake za vipuri ni zilezile za soko la Japani, na fundi atakayekwenda kutafuta vipuri kwa kitabu cha gari la wakala atarudi na kitu kisichoingia.

Tuchukue Toyota Hiace ya umbo lililotoka mwaka 2004, kwa kuwa ndiyo inayojaza stendi zetu.

Anza na namba ya fremu, ile watu wanayoiita namba ya chasisi. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani huwa na msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu saba, kwa mfano KDH201-0123456. Zihesabu bila kistari: ni 13. Gari la kuuzwa nje ya Japani huwa na herufi na tarakimu 17 mfululizo, na kama ni Toyota ya Japani huanza na JT. Logibuku, yaani hati ya umiliki wa gari, hunakili namba hiyo kama ilivyo, kwa hiyo hata picha ya logibuku kwenye simu inatosha kuanzia. Namba ya herufi 13 ni mtumba wa Japani, hata kama muuzaji ana risiti za servisi za hapa kuanzia siku gari liliposhuka bandarini.

Kibao cha modeli kinathibitisha hilo. Kwa gari la Japani, herufi inayofuata tarakimu hueleza umbo la mwili: V ni van ya mizigo, B ni basi dogo linaloitwa Commuter, W ni wagon. Utasoma KDH201V au TRH223B. Kwa gari la kuuzwa nje, mahali hapohapo huja R au L, yaani upande wa usukani, kama KDH222R. Herufi hiyo moja inatosha kumaliza ubishi wa nusu saa na broka.

Kisha linganisha mwaka wa kutengenezwa na tarehe ya kusajiliwa. Kanuni ya KS 1515, kiwango cha Kenya cha kukagua magari, hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na waagizaji wengi huleta yale yaliyokaribia mpaka huo kwa sababu ndiyo ya bei nafuu. Van ya mwaka 2014 yenye namba za KDA, mfululizo ulioanza 2020, haikuuzwa mpya hapa. Gari la wakala husajiliwa mwaka uleule lilipotengenezwa au unaofuata.

Dalili za ndani ya gari huondoleka kwa urahisi, kwa hiyo zitumie kama ushahidi wa pili. Redio ya Japani inashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, au 95 kwa zile mpya zaidi, ndiyo maana wengi huiongezea kikasha cha kubadilisha masafa. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna karatasi ya upepo wa matairi. Kama imeandikwa Kijapani, gari halikutoka kwa wakala wa hapa. Kwenye kioo cha nyuma tafuta alama ya stika ya duara ya maegesho ya Japani. Hata ikibanduliwa, mara nyingi kivuli chake hubaki ukikiangalia kioo kwa pembeni dhidi ya jua.

Tofauti kubwa iko chini ya viti vya mbele, kwa kuwa injini ya Hiace inakaa hapo. Inua viti, usome namba ya injini kwa macho yako. Majina ya stendini kama 7L na 9L hayajagongwa kwenye injini yoyote ya Hiace. Utakuta 5L, 2KD, 1KD, 1TR, 2TR, au 1GD kwa zile mpya zaidi. Dizeli ya mtumba iliyotengenezwa kwa soko la Japani kati ya 2007 na 2017 kwa kawaida ni 1KD ya lita 3.0, mara nyingi ikiwa na gia ya otomatiki. Dizeli nyingi za soko la nje zilikuwa 2KD ya lita 2.5 au 5L isiyo na turbo, na gia ya mkono. 5L ni nzito kupanda mlima, lakini fundi wa kijijini anaifungua na kuifunga bila kompyuta.

1KD nyingi za Japani zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuunguza masizi, na linahitaji safari ndefu yenye mwendo wa kutosha. Matatu inayosubiri abiria injini ikinguruma, kisha ikatambaa kilomita sita kwenye foleni, haifikii joto hilo. Taa inawaka, nguvu inapungua, mafuta yanaliwa zaidi. Uliza mapema kama chujio bado lipo au lilitobolewa, maana vipimo vya moshi vitakuumbua baadaye.

Kitu kingine ambacho hukaguliwa kwa nadra: van nyingi za Japani zina hita ya abiria wa nyuma. Maji ya rejeta hupelekwa huko kwa mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Yakila kutu, hasa kwa gari lililotumika kwenye mikoa yenye theluji na chumvi ya barabarani, maji hupungua kidogo kidogo bila tone kuonekana chini ya injini, mpaka siku silinda hedi inapopinda. Laza kifua chini, yatazame kwa tochi. Kama mabomba yamekatwa na kuzibwa, angalia klipu zimebana vizuri.

Viti navyo vina habari. Commuter, ile B, ilitoka kiwandani ikiwa na nafasi ya watu 14, na mwili wake mrefu ni milimita 5,380. Van ya mizigo ya V ya kawaida ina urefu wa 4,695 na upana wa 1,695. Ikiwa na safu nne za viti, ujue zilifungwa hapa. Piga magoti uone boliti kwa chini. Zikiwa zimeshikwa na bamba pana la chuma, kazi ilifanywa kwa makini. Zikishikwa na washa ndogo tu kwenye bati la sakafu, siku ya ajali kiti kinang'oka na abiria wake.

Usisahau kwamba namba ya tarakimu 17 inathibitisha tu kwamba gari lilikusudiwa kuuzwa nje ya Japani. Haisemi boliti zilikazwa wapi, kwa sababu vifurushi vya kuunganisha mara nyingi hufika na namba ya mtengenezaji tayari. Anayekuuzia kwa bei ya "imeunganishwa Kenya" akuonyeshe ankara ya mauzo ya kwanza au kibao cha kiwanda kilichoiunganisha. Akikosa vyote viwili, chukua ile namba 17 uipeleke kwa wakala wa chapa hiyo kabla ya kulipa hata arubuni. Kama aliiuza mpya, ataipata kwenye kumbukumbu zake pamoja na tarehe ya kuiuza.