Rufaa katika besiboli: kwa nini mwamuzi hunyamaza

Tangu nianze kuamua mechi za besiboli, swali linalonirudia ni hili: "Mwamuzi, ulimwona mkimbiaji amekiruka kituo bila kukigusa, mbona ulinyamaza?" Nilimwona. Lakini kanuni hainiruhusu kutamka lolote mpaka timu inayozuia ikate rufaa. Mkimbiaji asipodaiwa, ni salama.

Kudai si kupiga kelele. Mchezaji mwenye mpira akiguse kituo kilichorukwa, au amguse mkimbiaji mwenyewe, na nielewe anamdai nani na kwa kosa gani. Afanye hivyo kabla mrushaji hajamrushia mpigaji mpira unaofuata na kabla ya jaribio lolote la kumtoa mtu mwingine. Kosa likitokea kwenye tukio lililofunga zamu ya timu kupiga, mlango hufungwa pale mrushaji na wachezaji wote wa ndani (wanaolinda karibu na vituo) wanapovuka mistari ya uwanja kuelekea benchi.

Panapowachanganya hata makocha ni kwa mkimbiaji aliyeondoka kituoni mapema, mpira ukadakwa hewani. Wadakaji wenye mpira wakikigusa kituo alichotoka kabla hajarudi, yeye ni auti, yaani ametolewa, bila mwili wake kuguswa. Basi watu huiita auti ya lazima. Siyo! Auti ya lazima huwapo pale tu mkimbiaji anapolazimika kumpisha mpigaji anayekuja nyuma. Mpira ukishadakwa, mpigaji ameshatoka. Nani tena wa kupishwa? Kwa hiyo hapa tunatazama muda: mwenzake aliyefika nyumbani, yaani kituo cha mwisho panapopatikana pointi, kabla ya auti ya tatu, pointi yake inahesabiwa.

Arizona Diamondbacks walilipia jambo hili tarehe 12 Aprili 2009 dhidi ya Los Angeles Dodgers. Kulikuwa na auti moja, Andre Ethier wa Dodgers kituo cha tatu, mwenzake Juan Pierre cha pili. Randy Wolf alipiga mpira ukamwendea moja kwa moja mrushaji wa Arizona, Dan Haren, akaudaka, akamtupia mwenzake Felipe Lopez, naye akamgusa Pierre. Auti tatu, wakatoka uwanjani. Ila Ethier alikuwa ameshakanyaga nyumbani kabla Pierre hajaguswa.

Ethier naye hakuwa amerudi kukigusa kituo cha tatu. Wangekata rufaa pale kabla ya kuondoka, auti hiyo ya nne ingechukua nafasi ya ile ya tatu na pointi ingefutwa. Hawakuikata, na pointi ikahesabiwa.