Almasi ya maabara sio feki, na kasoro sio ubovu (ila msijaze kasoro kama chumvi)

Wiki hii ni shemeji. Kanitumia voisi ndefu WhatsApp, kaongea na sonara mmoja hapo mjini Tabora, sonara kamwambia almasi za kutengenezwa ni vioo vilivyong'arishwa tu, na zile zenye kasoro ndo kabisa, hazifai kwa lolote. Sasa shem anataka kujua huku Ujerumani nalipwa kwa kazi gani hasa, maana kazi yangu ni kupima sumaku kwa almasi za maabara zenye kasoro. Naandika hapa mara moja, shem usome, mama mkubwa wa Isevya asomewe, na wale wa grupu la ukoo ambao kila nikija likizo wananiuliza kama nimepitia Mwadui kwenye mgodi wa almasi nao wasome.

La feki nalimaliza haraka maana linanichosha. Almasi ni kaboni iliyopangika kwa mpangilio fulani, basi. Ikiota chini ya ardhi ni almasi, ikiota kwenye mashine ni almasi, General Electric ya Marekani wametengeneza tangu 1954. Kile kipimo cha sonara chenye ncha ya chuma kinacholia pii kinaangalia jiwe linapitisha joto kiasi gani, na almasi inapitisha joto kama mara tano ya shaba. Kigusishe almasi ya maabara, kitalia pii vilevile. Kioo hakilii. Kuna jiwe la moissanite linaweza kukidanganya, hilo nakubali, ila hiyo stori nyingine.

Haya, kasoro. Kwenye biashara ya vito sibishani sana, doa linashusha bei. Ila hata huko, ile almasi ya pinki ya Mwadui ya mwaka 1947, karati 54.5, aliyozawadiwa Princess Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, mnadhani pinki inatoka wapi? Kaboni safi iliyopangika vizuri haina rangi. Pinki ni mpangilio umevurugika huko ndani. Yani watu wanalipia kasoro miaka yote bila kujua.

Kasoro yangu mimi inaitwa NV, yani naitrojeni na pengo. Chukua atomi mbili za kaboni zilizopakana, moja itoe uweke naitrojeni, ya pili itoe uache pengo. Hapo panakuwa na elektroni zenye spini (ni kama kila moja ni kisumaku kidogo) ambayo unaweza kuisoma karibu kwa macho kabisa. Ukipiga leza ya kijani inarudisha mwanga mwekundu, ukipiga na maikrowevu ya gigahezi 2.87 ule wekundu unafifia kidogo, kwenye grafu unaona kibonde. Ukileta sumaku kibonde kinagawanyika viwili, na kila maikrotesla moja (kizio cha nguvu ya sumaku) inakisogeza kila kimoja kilohezi 28. Unasoma umbali kati ya vibonde, umepata nguvu ya sumaku. Yote hii kwenye joto la kawaida la chumbani, wala huhitaji heliamu ya kupoza.

Mezani jiwe lenyewe ni dogo, milimita tatu kwa tatu hivi, limegandishwa kwenye kioo na kiwaya cha shaba kimepita pembeni yake. Unavaa miwani ya rangi ya chungwa ya kuzuia kijani na unaliona jiwe jekundu lote. Sogeza sumaku kwa mkono taratibu huku unaangalia skrini: kibonde kimoja, viwili, af ghafla vinane, kwa sababu NV ndani ya almasi zimeelekea pande nne na kila upande una viwili vyake. Punguza nguvu ya maikrowevu, kila kimoja kinaonyesha vitatu vidogo ndani yake, vimepishana megahezi 2.2 hivi, hicho ni kiini cha naitrojeni yenyewe kinaongea. Hapo huwa nawaita hata wafagiaji waje waone.

Sasa ndo tunafika kwenye kinachonikera, na hapa sio shemeji tena, ni wasomi. Mtu akishaelewa kwamba kasoro ni mali anaruka upande wa pili: basi jaza naitrojeni, NV ziwe nyingi, kipimo kiwe kikali, kihisi hata sumaku ndogo! Hapana bana. Hapana.

Naitrojeni nyingi unayoweka haiwi NV, inabaki pweke ndani ya almasi, na kila moja iliyo pweke ina spini yake inayopiga kelele za sumaku. NV yako inakuwa kama mtu anayepokea simu stesheni treni ya Kigoma ikiwa inaingia. Kwa makadirio, naitrojeni ikiwa sehemu moja kwa milioni, spini inakumbuka hali yake kwa maikrosekunde 10 hivi. Peleka mia kwa milioni, inakumbuka sehemu moja ya kumi ya maikrosekunde. Af fanyeni hesabu wenyewe, zidisha idadi ya NV kwa huo muda, ukali wa kipimo unakwenda na kipeuo cha pili cha jibu. Naitrojeni ikizidi mara nne NV zinazidi mara nne, muda unashuka mara nne, umebaki palepale! Tena sio palepale, umerudi nyuma, maana leza inahitaji maikrosekunde kadhaa kusoma na kuiandaa spini kila raundi, na huo muda haupungui.

Kwahiyo cha kuuliza ni naitrojeni yako imegeuka NV kwa kiasi gani. Ndo maana tunapiga jiwe na elektroni za kasi ili kutengeneza mapengo, kisha tunalioka juu ya nyuzi 800 ili mapengo yatembee yakutane na naitrojeni. Wengine wanasikia hivyo wanapiga elektroni bila huruma. Wanasahau NV inayofaa ni ile yenye elektroni ya ziada, na anayeitoa hiyo elektroni ni ileile naitrojeni pweke ya kelele. Ukiimaliza yote, NV zinageuka zile zisizo na chaji, zinawaka tu na hazikusaidii kitu. Adui ndo anakulisha, sijui niseme vipi tena.

Kaboni 13, aina nzito kidogo ya kaboni, nayo ni asilimia 1.1 ya kaboni ya kawaida na ina kelele zake, dawa yake ni kuotesha jiwe kwa gesi ya kaboni 12, pesa yako tu. Joto nalo, nyuzi moja inasogeza kibonde kilohezi 74, ukifuata kibonde kimoja peke yake utadhani umeona sumaku, fuata viwili, maana joto linavisogeza pamoja na sumaku inavitenganisha.

Vitabu havisemi wazi kwamba NV zikiwa nanomita chache tu chini ya uso wa jiwe zinakuwa na tabia mbaya na hatujakubaliana kwa nini. Huyu anasema elektroni zimenasa kwenye uso, yule anasema namna ulivyosafisha. Mawe mawili ya batchi moja, kazi tofauti kabisa. Na wanaotangaza kwamba almasi itasoma ubongo kesho asubuhi, mimi nina mashaka, vipimo vya sumaku vinavyotumia mvuke wa atomi bado vinatupita mbali kwa ukali. Sisi tunawashinda kwenye kusogelea kitu karibu kabisa.

Muuzaji akiniletea karatasi yenye karati na rangi bila kiwango cha naitrojeni wala kiasi gani imegeuka NV, namrudishia jiwe lake hata liwe linang'aa vipi.