Kufungua kutoka pembeni si woga

Jumamosi kwenye mashindano ya chesi hapa Nairobi, kijana mmoja alianza kwa kusukuma askari hadi c4, mraba ulio kando tu ya miraba minne ya katikati (d4, e4, d5 na e5). Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu anaogopa katikati." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno, na yanawaumiza wanaojifunza.

Ukweli ni kwamba anayefungua pembeni anaitaka katikati ileile, ila hakimbilii kuikalia. Anaizingira. Nilimtazama yule kijana: farasi akatua c3, askari wa safu ya g akapanda hatua moja, askofu akakaa g2. Hesabu sasa: askari wa c4, farasi wa c3, askofu wa g2. Wote watatu wanaipiga d5, na hakuna askari wake hata mmoja aliyesimama katikati ili ashambuliwe. Mpinzani akiweka kitu pale, lazima akilinde. Huo ni woga gani?

New York, mwaka 1924, Richard Réti alimchezea hivyo José Raúl Capablanca, bingwa wa dunia, ambaye hakuwa amepoteza mchezo tangu 1916. Maaskofu wake wote wawili walitazama katikati kutoka pembeni, b2 na g2. Askari wake wa d alifika d4 kwenye hatua ya 16 tu, kete nyingine zikiwa tayari zimejipanga. Capablanca alisalimu amri baada ya hatua 31.

Kwa hiyo ukikutana na c4, usijitanue ovyo ukidhani umeachiwa uwanja. Itazame d5 kwanza.