Je, Wajua Kwa Nini Chokoleti Uliyoiyeyusha Nyumbani Hupauka?

Sikukuu inakaribia. Umenunua chokoleti nzuri, umeiyeyusha taratibu, ukachanganya na karanga zilizokaangwa, ukachota kijiko kimoja kimoja juu ya karatasi ya kuokea na kuiacha igande. Hukuongeza kitu kingine. Kesho yake unafunua sinia na kukuta pipi zako zimepauka, zina mabaka ya kijivu kama goti lililoingia vumbi. Ukiiuma moja haikatiki kwa mlio, inapinda kama mshumaa uliopata joto. Nayo ni chokoleti ileile iliyokuwa iking'aa jana ulipoifungua. Imepatwa na nini?

Mara ya kwanza yaliponikuta nilidhani ni ukungu, nikatupa sinia zima. Bado nikikumbuka roho inaniuma, maana chakula kile hakikuwa na ubaya wowote. Yale mabaka ni mafuta ya kakao yaliyopanda juu.

Na kisa chote kiko kwenye mafuta hayo. Chokoleti ukiiangalia kwa karibu sana ni punje za sukari na za kakao, na za maziwa ikiwa ni ya maziwa, zilizosagwa hadi nyingi zake kuwa ndogo kuliko mikroni 30 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kiasi kwamba ulimi hauzitambui. Punje hizo zimezama ndani ya mafuta ya kakao, na mafuta yakiganda nazo zinashikiliwa humo. Kwa muda mrefu watu walijua chokoleti kama kinywaji tu. Mwaka 1847 kampuni ya Fry ya Bristol, Uingereza, ilichanganya kakao na sukari kisha ikaongeza mafuta ya kakao yaliyoyeyushwa, ikapata uji mzito unaoweza kumiminwa kwenye kalibu ukagandia humo. Chokoleti ya kutafuna ikaanza hivyo, kwa kuongezewa mafuta.

Sasa, mafuta haya yana tabia ya ajabu. Sehemu yake kubwa ni molekuli za aina tatu tu zinazofanana sana kwa umbo, na ndiyo maana zinapopoa hujipanga na kubanana, tofauti na mafuta ya kupikia ambayo ni mchanganyiko wa kila namna. Ila kuna njia zaidi ya moja ya kujipanga. Fikiria viti vya plastiki baada ya sherehe. Unaweza kuvitupia stoo ovyo, mguu huku, mgongo kule, vikajaza chumba na bado lundo likayumba ukiligusa. Au unaweza kuvipachika kimoja ndani ya kingine, vikawa mnara mmoja mwembamba uliosimama imara. Viti ni vilevile, mpangilio tu ndio umebadilika.

Mwaka 1966 wanakemia wawili, Wille na Lutton, walieleza mipangilio sita ya fuwele, yaani chembe ngumu zenye molekuli zilizojipanga kwa utaratibu, za mafuta ya kakao na kuipa namba za Kirumi, I hadi VI. Kila mmoja una joto lake la kuyeyuka. Wa kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 17 hivi (nyuzi zote humu ni za Selsiasi), wa pili 23, wa tatu 25 na ushei, wa nne kati ya 27 na 28. Wa tano hufika karibu 34, na wa sita karibu 36.

Tunaoutaka ni wa tano. Fuwele zake zimebanana vizuri, kwa hiyo kipande kinakuwa kigumu, kinavunjika kwa mlio, na uso wake ni laini kiasi cha kurudisha mwanga kama kioo. Mafuta yakijipanga hivyo pia husinyaa kidogo, ndiyo maana chokoleti iliyogandishwa vizuri huchomoka yenyewe kwenye kalibu. Tena angalia hizo nyuzi 34. Joto la mwili wetu ni 37. Chokoleti inakaa mezani bila shida, lakini ikiingia kinywani inaanza kuyeyuka papo hapo.

Ukiiyeyusha kabisa umeivunja minara yote ya viti. Ukiiacha ipoe bila kuiongoza, mafuta hujipanga kwa njia ya haraka, na hiyo ni ile ya namba tatu na nne. Pipi inaganda, naam, lakini kwa mpangilio legelege. Kisha siku zinavyopita fuwele hizo zinajipanga upya kuelekea namba tano, na katika kusogea huko mafuta mengine yanasukumwa hadi juu, yanagandia pale kwa fuwele kubwa zisizo sawa. Mwanga ukizipiga hutawanyika kila upande, nasi tunaona kijivu. Chokoleti iliyokaa kabatini miezi mingi hupauka kwa sababu iliyo jirani na hiyo: namba tano yenyewe hugeuka polepole kuwa namba sita.

Tiba yake ni mbegu. Fuwele ikiwepo tayari, molekuli zilizo karibu nayo hujipanga kwa kuiga mpangilio wake. Na kile kipande kinachong'aa ulichonunua dukani kimejaa fuwele za namba tano. Una mbegu mkononi bila kujua.

Tuseme una gramu 300 za chokoleti nyeusi. Katakata yote ndogondogo, weka gramu 100 pembeni. Yeyusha zile 200 kwenye bakuli lililokalia sufuria ya maji ya moto yasiyochemka kwa nguvu, hadi zifike nyuzi 45 hivi. Epua, kausha chini ya bakuli, kisha anza kutia zile ulizoweka pembeni, kidogo kidogo, huku unakoroga bila kuchoka. Vipande baridi vinashusha joto na kupanda mbegu kwa wakati mmoja. Ikifika nyuzi 31 au 32 iko tayari. Ya maziwa inataka 30, nyeupe 28 au 29, na hizo mbili zisipate moto mkali kwa sababu maziwa yaliyomo huungua upesi.

Huna kipimajoto? Chovya ncha ya kijiko safi uguse chini ya mdomo. Ukihisi ubaridi kidogo tu, uko karibu. Ukihisi uvuguvugu, endelea kukoroga. Halafu paka chokoleti kidogo kwenye kisu, ukiache mahali penye ubaridi wa wastani. Ndani ya dakika tano hivi iwe imeganda na kung'aa. Ikibaki inanata, ongeza vipande vichache, koroga, ujaribu tena.

Lakini nikuambie ukweli, mimi siku hizi sipiti njia hiyo nikiwa na chokoleti kidogo. Naiyeyusha nusunusu. Natia vipande kwenye mikrowevu kwa nusu ya nguvu yake, sekunde 15 au 20, natoa, nakoroga, narudisha. Robo tatu ikishayeyuka naacha, nakoroga hadi vipande vilivyobaki viyeyukie kwenye joto la wenzao. Siri ni kwamba chokoleti haikupita nyuzi 34 hata mara moja, kwa hiyo mbegu hazikufa zote. Inataka subira tu, na kujizuia kuongeza sekunde kumi za mwisho, ambazo ndizo huharibu kila kitu.

Hapo unachanganya karanga, lozi, zabibu kavu au chochote upendacho, mradi kiwe kikavu.

Nasisitiza kikavu. Tone moja la maji kutoka kwenye mwiko, au mvuke ulioteleza chini ya bakuli, linatosha kugeuza chokoleti laini kuwa donge kama udongo. Watu hudhani imeungua. Kumbe ni sukari. Punje zake zilikuwa zikielea kwenye mafuta zikiwa kavu kabisa. Maji yakiingia yanazilowesha kwa juu, zinakuwa na ulimbo, zinashikana. Na hapa pana kioja: maji kidogo yanaharibu, maji mengi yanaokoa. Ukiendelea kutia maji ya moto, hadi kama kijiko kimoja cha chakula kwa kila gramu 55 za chokoleti, sukari inapata maji ya kutosha kuyeyukia, na donge linalegea tena likawa rojo linalong'aa. Haitaganda ikawa ngumu tena, lakini ni sosi nzuri sana ya keki.

Kioja hichohicho ndicho kilichozaa pipi rahisi kuliko zote, ile ninayompa kila anayeniuliza aanzie wapi. Huitwa trafo, na ndani yake ni ganashi, yaani chokoleti na krimu. Krimu ina maji ya kutosha, kwa hiyo hakuna donge. Mafuta yanavunjika kuwa matone madogo yaliyotawanyika ndani ya maji hayo, na ulaini wa pipi unatoka hapo. Hudai mng'aro wala mlio, basi ule mtihani wa nyuzi 31 unaukwepa kabisa.

Chukua chokoleti nyeusi gramu 200, uikate ndogo sana. Pasha krimu gramu 100 hadi ianze kutoa mapovu pembezoni mwa sufuria, uimwage juu ya chokoleti. Usiguse kwa dakika mbili tatu. Kisha koroga kuanzia katikati, taratibu, ukipanua duara mpaka yote iwe nyororo. Chumvi kidogo mno huifanyia makubwa. Funika, iache saa kadhaa mpaka ishikane, uchote kwa kijiko kidogo na kuviringisha viganjani. Viganja vina joto, kwa hiyo nawa kwa maji baridi, kausha vizuri, na usikikawize kipande mkononi. Tupia kwenye unga wa kakao, tikisa sahani, umemaliza. Unga ule unaficha alama zote za vidole, sijaona pipi nyingine inayomsamehe mpishi namna hii. Kwa chokoleti ya maziwa, ambayo ina kakao kidogo, tumia gramu 250 hadi 300 kwa krimu hiyohiyo, la sivyo haitashikana. Na kwa kuwa zina krimu, ziweke kwenye friji na ziliwe ndani ya wiki moja. Sijawahi kuona zikifika.

Kuna pia zile chokoleti za kuyeyusha na kumimina zisizodai lolote kati ya haya. Soma maelezo nyuma ya pakiti, utakuta mafuta ya kakao yameondolewa na mahali pake yakawekwa mafuta mengine ya mimea yasiyo na ile mipangilio sita. Zinaganda zenyewe, zinang'aa. Kwa kupika na watoto sioni aibu kuzitumia, ingawa kinywani hubaki utando kama wa nta. Usizichanganye tu na chokoleti halisi. Mafuta ya aina mbili yakikutana huvurugana, unaishia na pipi laini inayopauka kwa kasi.

Na friji? Wengi tunakimbilia huko. Chokoleti iliyokwisha kuongozwa na kuanza kushikana inaweza kuingia dakika kumi, tena inasaidia, kwa sababu fuwele zinapojipanga hutoa joto linalohitaji kuondolewa. Ukiitia ikiwa bado ya majimaji unaialika mipangilio legelege. Ukiilaza humo usiku kucha bila kuifunika, asubuhi ukiitoa itatoka jasho. Maji yale yatayeyusha sukari ya juu, yakikauka yataacha madoadoa meupe. Hayo si mafuta, na kuyatofautisha ni rahisi: sugua kwa kidole. Mafuta yanapotea kwa joto la kidole, sukari inakwaruza. Vyote viwili vinalika. Mahali pazuri pa kuhifadhia ni pakavu, penye nyuzi 15 hadi 18, kwenye chombo kilichofungwa vizuri, mbali na vitunguu na sabuni, kwa sababu mafuta ya kakao hunyonya harufu.

Zikipauka baada ya yote hayo, zirudishe kwenye bakuli. Fuwele zikiyeyuka mabaka yanaondoka nazo, na unaanza upya ukiwa na kipande kipya kinachong'aa cha kupandia mbegu. Kama ulishatia karanga, zikatekate, umwagie krimu ya moto, utengeneze trafo zenye karanga. Sinia langu lile lingetoa kama arobaini.