Mwanza yote mawe, mbona terazo tunanunulia mengine?

Wiki iliyopita nilikuwa Kirumba kwa mama mmoja anayetaka baraza yake iwekwe terazo. Nilipomtajia bei ya chenga za marumaru aligeuka akautazama mlima nyuma ya nyumba, majiwe yamepandana kama magunia, akaniuliza: "Fundi, mawe yametujaa hadi mlangoni, na wewe unataka ninunue mengine?"

Swali la haki kabisa. Miaka ya mwanzo ya kazi hii mimi mwenyewe nililijibu vibaya, tena kwa vitendo.

Terazo haibandikwi kama kigae. Ni saruji na chenga za mawe, sehemu moja ya saruji kwa mbili au mbili na nusu za chenga, inamwagwa juu ya jamvi la zege lililokomaa, inashindiliwa, inaloweshwa maji siku kadhaa, halafu inasagwa mpaka chenga zifunuke. Kabla ya kusagwa hutaipenda. Inafanana na zege lililomshinda saidia fundi.

Walioianzisha ni mafundi wa Venice, karne nyingi zilizopita. Walipomaliza kupamba majumba ya matajiri kwa marumaru walibaki na vipande, wakavichanganya na chokaa na kujitengenezea sakafu zao. Jina lenyewe linatokana na neno la Kiitaliano lenye maana ya baraza ya nje. Kusaga walisaga kwa mkono: jiwe zito kwenye mpini mrefu, mtu anasukuma na kuvuta kutwa nzima, kisha sakafu inapakwa mafuta ya kitani.

Mkono wa binadamu uliweza kwa sababu jiwe lilikuwa laini. Nasema marumaru halisi, jiwe la kuchimbwa, si vigae vya dukani ambavyo nasi tumezoea kuviita marumaru. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, ambacho ulanga ni 1 na almasi ni 10, marumaru ni 3 hivi. Kisu kinaikwaruza. Mawe yetu ya Mwanza ni itale, yaani granaiti, na madini yaliyo mengi ndani yake ni ya 6 na 7. Hapo ni kisu kitakachoumia.

Sasa kosa langu. Nilipata ukumbi wa ofisi fulani, nikataka kubana matumizi. Nikanunua kokoto ndogo kwa wagonga mawe, nikazichekecha, nikazichanganya nusu kwa nusu na chenga nyeupe za marumaru. Ikiwa mbichi ilipendeza sana. Mashine ilipoanza kuzunguka ikala marumaru na saruji, ikawa inaruka juu ya itale. Nikabadilisha mawe ya kusagia mara tatu. Mwisho wake nilikabidhi mgongo wa kenge, na kuubomoa nikaubomoa kwa hela yangu. Tangu siku hiyo sichanganyi jiwe gumu na laini kwenye sakafu moja, hata mteja aniombe vipi.

Kazi hii ilirahisika miaka ya 1920, zilipokuja mashine za umeme za kusagia pamoja na vile vipande vyembamba vya shaba vinavyogawa sakafu. Watu huona vipande hivyo ni urembo. Ni urembo, ndiyo, na zile nyota za kwenye njia ya miguu Hollywood zenye majina ya waigizaji ni terazo ya waridi iliyozungushiwa shaba. Lakini kazi yake kubwa ni kuipa saruji mahali pa kupasukia inaposinyaa, ufa ufuate mstari wako badala ya kujichagulia njia. Kwetu huku vina kazi ya ziada. Nyumba za milimani, Igogo au Mabatini, mara nyingi nusu ya jamvi imekalia mwamba na nusu imekalia kifusi. Kifusi hushuka, mwamba haushuki. Kabla sijamwaga namuuliza mwenye nyumba mwamba unaishia wapi, na hapo naweka kipande, hata kama kinaharibu mpangilio wa miraba.

Je, itale tupu? Inawezekana siku hizi, kwa sababu tuna vichwa vya almasi vya kusagia. Chenga ziwe za itale zote, zichekechwe saizi karibu sawa, na zioshwe mpaka maji yatoke safi, maana kokoto ya kugongwa huja na vumbi na vumbi halishikani na saruji. Unachookoa kwenye jiwe utakilipa kwenye almasi na siku za kazi. Faida unaiona jikoni. Kwa watu wa sato na dagaa limau halikosekani, na limau likidondokea marumaru linaacha doa lililofifia lisilofutika kwa sabuni. Itale halina habari nalo. Saruji iliyo katikati italiwa bado, kwa hiyo futa mapema na usisafishe kwa asidi ya chooni.

Nimemwagia yule mama vibao viwili vya futi moja kwa futi moja, kimoja cha marumaru na kingine cha itale la mlimani kwake. Viko chini ya magunia yaliyoloweshwa, kivulini kwa mwembe. Jumamosi naenda na mashine nivisage mbele yake, na saa nitaishika yeye aione.